Geti la Saba, Njia ya Punda Aliyekataa

Jumamosi ya kwanza ya Mei, watu tisa waliovaa vizuri kuliko siku zote walikwenda kumposa Laone katika nyumba ambayo Laone hajawahi kulala hata usiku mmoja. Walishiba, wakapewa mablanketi ya kufunika miguu, wakaondoka wakiwa marafiki wa mtu asiyehusika. Ndivyo kijiji chetu cha Mosetlheng kinavyopoteza wageni wake: kwa ukarimu.

Kosa lilianzia kwenye namba. Geti la akina Laone ni 208. Geti la Mma-Setlhako, ng'ambo ya mto mkavu, nalo ni 208, kwa sababu bodi ya ardhi ilihesabu viwanja vya upande ule mwaka mmoja na vya upande huu mwaka mwingine, na mara zote mbili ilianza na moja. Jirani wa kulia wa akina Laone ni 31. Wa kushoto ni 1140. Wenyeji hatusumbuki, kwani kwetu mtu hutafutwa kwa jina la mwanawe wa kwanza: Mma-fulani, mama wa fulani. Lakini Mma-Oabile, shangazi wa kijana anayeoa, alitoka Gweta na karatasi yenye namba tu. Akaiona 208 imepakwa chokaa katika kiza cha alfajiri, akamshukuru Mungu, akaketi.

Kuuliza asingeuliza. Msafara wa posa hauulizi njia. Ukimuuliza mtu mmoja, kijiji kizima kitajua kabla ya wenye binti. Naye Mma-Setlhako hakuuliza, maana hakulelewa kumhoji mgeni ambaye hajanywa chai. Mma-Oabile alipotamka kwa heshima zote kwamba wamekuja kuomba kibuyu cha maji, maneno ambayo kila mwenye binti anayajua, Mma-Setlhako, mama wa vijana wanne wa kiume, hakuyafikiria mara mbili. Aliingia ndani akawaletea maji. Halafu akaleta maandazi. Halafu, kwa kuwa hawakuwa wakiondoka, akachinja kuku.

Ukweli ulipojulikana jua lilishatoka. Walivuka mto mbio, wanawake wameshika sketi kwa mkono mmoja na blanketi la begani kwa mwingine, na walipofika kwenye geti halisi walilikuta limefungwa. Ndani alikuwa Mjomba Keoagile, kaka wa mama yake Laone, ambaye kwa mila ndiye mwenye neno. Alikuwa ameketi tangu saa kumi alfajiri na wazee wenzake wanne, karibu na moto, akiangalia mashariki. Posa hupokelewa kabla ya jua. Aliwaambia kwa upole, kupitia nafasi ya geti, kwamba jua limewatangulia.

Viti ishirini vilivyoazimwa kanisani vilirudishwa siku hiyohiyo. Shemasi alivipitishia kidole kimoja kimoja, akamuuliza Mma-Laone mbona havina hata vumbi la makalio.

Tarehe mpya ilipangwa: Jumamosi ya mwisho ya mwezi. Mjomba Keoagile aliikubali kwa shingo upande. Alisema yeye ameacha ng'ombe wake malishoni, na malishoni hakuna mtu wa kumshangaa akikaa peke yake karibu na moto, lakini kijijini wapo. Wazee wenzake walimwangalia wakati ule kama mtu aliyealika watu kwenye harusi isiyo na bibi harusi. Hatarudia.

"Wakichelewa tena," alimwambia dada yake, "nitajua hawamtaki. Mtu anayetaka kitu anakifikia."

Mma-Laone alijaribu kueleza kuhusu namba. Mjomba akasema namba ni mambo ya serikali, yeye anazungumzia adabu. Mma-Laone akapendekeza atumwe mtu barabara kuu awapokee wageni. Mjomba akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha, akauliza tangu lini wenye binti wakaenda barabarani kuwaita waposaji, na kama wakati huo binti avalishwe kengele.

Laone alikuwa jikoni akisikia yote. Ana miaka ishirini na saba, ni karani wa duka la vyakula vya mifugo, na kwa siku hizi za posa hakutakiwa kuwa na mdomo. Tayari ameshafikiria kila kitu. Tshiamo, mchumba wake, haruhusiwi kuwa kwenye msafara. Ramani ya simu ikiulizwa kuhusu kata yao ya Goo-Rapula huonyesha kipande cheupe kama shuka. Naye akimtumia Mma-Oabile maelezo ya njia, hata kwa maneno matatu, atakuwa binti aliyejiitia waposaji, na hilo litazungumzwa mpaka wajukuu wake wazeeke.

Kilichotakiwa ni kitu ambacho si chake. Kitu ambacho mtu yeyote wa Gweta angeweza kukifungua, akaona njia, na asiseme ameonyeshwa na nani.

Akakumbuka wanafunzi wa fulana za njano.

Walikuja miaka miwili nyuma kutoka chuo kikuu, wametumwa na wizara, na kwa miezi mitatu walitembea kila kichochoro cha Mosetlheng wakiuliza jina lake, wakihesabu mageti na kuandika kila geti ni la akina nani. Mma-Laone aliwapikia uji wa mtama uliochachuka na akawa mshauri wao mkuu. Ni yeye aliyewaambia kichochoro chao kinaitwa Njia ya Punda Aliyekataa, kwa sababu ya punda wa marehemu baba yake, aliyeketi pale siku tatu akiwa na mzigo wa maji mgongoni. Vijana waliandika. Wakasema ni utafiti wa kuona kama vijiji vinaweza kuwa na anwani zilizo wazi kwa kila mtu. Wakaondoka. Ripoti ikazinduliwa hotelini, mji mkuu, na picha za sahani za chakula zikatoka gazetini. Mosetlheng haikuiona tena.

*

Ripoti ilikuwa katika ofisi ya wilaya, ndani ya kabati la vioo, nyuma ya kiti cha Rra, yaani Bwana, Modukanele, ofisa mipango. Laone aliiona kabla hajaketi: mgongo wa bluu, unene wa matofali mawili. Aliiomba.

Rra Modukanele hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyekabidhiwa ufunguo. Alieleza kwamba nakala ile ni ya ofisi, kwamba anayetaka yake anaandika barua kwa katibu mkuu, na akijibiwa analipa pula mia sita za uchapishaji. Laone akauliza jibu huchukua muda gani. Rra Modukanele akasema hajui, hakuna aliyewahi kuomba.

"Humo ndani kuna geti letu, Rra," Laone alisema.

"Ndiyo maana ni siri, binti. Tunalilinda geti lenu."

"Lisionwe na nani?"

Rra Modukanele alifikiri. "Na umma," alisema.

Laone akaomba walau aone jalada. Hilo halikukatazwa popote, kwa hiyo kabati lilifunguliwa, na ripoti ikawekwa mezani, mkono wa ofisa ukiwa juu yake kama mtu anayezuia karatasi isipeperushwe. Chini kabisa ya jalada kulikuwa na mstari mdogo. Laone aliusoma kwa sauti, taratibu, kama anavyomsomea mteja mfuko wa chumvi ya ng'ombe: utafiti huu umegharimiwa kwa fedha za umma.

"Umma ni neno pana," alisema Rra Modukanele.

"Basi mimi nitatosha humo, Rra. Mimi si mnene."

Karani wa meza ya pili alikohoa kuficha kicheko. Rra Modukanele akairudisha ripoti kabatini, akafunga, akatia ufunguo mfuko wa shati, akamwambia kwa ukarimu kabisa kwamba asikate tamaa, maana nakala zilipelekwa pia kwenye maktaba zote za nchi, ila huko nako atakuta utaratibu. Alisema neno hilo, utaratibu, kama mtu anayetaja jina la mbwa wake mkali.

*

Maktaba ya Mosetlheng ni chumba kimoja chenye madirisha mazuri. Mkutubi wake, Ntebogang, alisoma shule moja na Laone, madarasa matatu mbele, na hadi leo Laone anamwita dada.

Ntebogang alisikia ombi, akampeleka chumba cha nyuma. Aliondoa birika la umeme juu ya boksi, akafungua boksi. Ile pale, bluu, bado ina harufu ya duka. Ilikuwa imebeba birika kwa miezi kumi na moja.

"Siwezi kukuazima," Ntebogang alisema. "Haina namba ya rafu. Kitabu kisicho na namba ya rafu kwetu hakipo."

Makao makuu yaliulizwa namba mwaka jana. Walijibu kwamba somo la anwani ni jipya, na kwamba kamati haijakubaliana kama likae na jiografia au na posta. Mpaka wakubaliane, ripoti haina pa kukaa. Si hapa tu. Kila maktaba ya nchi ina boksi kama hilo.

Laone alijaribu kujizuia. Kicheko kilimtoka puani kwanza, kisha kikamkalisha chini sakafuni kando ya birika.

"Dada Ntebo. Ripoti ya anwani imekosa anwani."

"Nyamaza."

"Imepotea kama wakwe zangu."

Ntebogang naye akaanza kucheka, akafunga mlango ili wasomaji wasisikie. Walipopoa akamkumbusha kwamba hata kama ingekuwa na namba, Laone si mwanachama, na uanachama unataka uthibitisho wa makazi. Laone alitoa cheti cha kiwanja kwenye mkoba. Ntebogang aliandika 208 kwenye kompyuta, akatazama, akamgeuzia kioo asome mwenyewe. 208 tayari ana kadi. Ni Mma-Setlhako, huazima vitabu vya ushonaji, na ana kimoja hajarudisha tangu Februari.

Safari hii Laone hakucheka. Alikisoma kioo mara ya pili, akarudisha cheti mkobani. Siku zilizobaki zilikuwa kumi na nane. Laone alisema kwa sauti ndogo kwamba mjomba ameshaamua moyoni, anasubiri tu jua limsaidie. Alisema Tshiamo ni mtu mwema, na kwamba haiwezekani mtu mwema ashindwe na chokaa ya geti.

Ntebogang alivuta droo, akatoa kitabu cha kanuni za kazi yake. Alikuwa anajua ukurasa. Alikuwa ameusoma mara nyingi katika miezi kumi na moja, jioni, kabla ya kufunga. Kanuni ilisema kitu kilicholipiwa kwa fedha za umma hakiruhusiwi kuzuiwa kwa wasomaji zaidi ya miezi sita, na kwamba namba ikichelewa, tawi linaweza kukipa namba ya muda.

"Kwa hiyo unaruhusiwa," Laone alisema.

"Hakuna aliyewahi kufanya."

"Sijauliza hilo, dada."

Ntebogang alichukua kalamu nyeupe ya kuandikia migongo ya vitabu. Aliisogeza hadi kwenye mgongo wa ripoti, akaiondoa, akaisogeza tena. Ana watoto wawili na mkopo wa nyumba, na mshahara wake unatoka mahali palepale zinakotoka barua za kuhoji. Laone alimtazama, akanyoosha mkono, akaichukua kalamu. Aliuliza namba gani. Ntebogang akasema chochote, mradi isiwepo. Laone akaandika M kwa ajili ya Mosetlheng na moja kwa sababu ni ya kwanza, kwa mwandiko ule wa karani unaosomeka kutoka ng'ambo ya duka.

Kilichobaki kilikuwa ni Ntebogang kuiingiza kwenye kompyuta. Alifumba macho alipobonyeza. Alipofumbua, ripoti ilikuwa inaonekana katika orodha ya kila maktaba nchini, kuanzia kusini mpaka Kasane, kaskazini kabisa. Aliazima nakala ile kwa kadi yake mwenyewe, akampa Laone, kisha akachukua simu akawapigia wenzake wa matawi, mmoja baada ya mwingine, kuwajulisha kuna kitabu kipya cha kutoa boksini. Ni kazi yake kuwajulisha. Akaanza na Gweta.

Jioni ile Laone alizungumza na Tshiamo kama kawaida yao. Alimwambia mengi, na katikati ya hayo mengi akasema amesikia maktaba ya Gweta imeweka kitabu kizuri rafuni, M1, na kwamba wazee wanaopenda kusoma wangekifurahia. Tshiamo aliiandika hiyo M1. Akasema shangazi yake anapenda sana kusoma.

*

Ramani ilikuwa mfukoni mwa jalada la nyuma, imekunjwa mara nane. Laone aliporudisha kitabu, Ntebogang aliitandika nje, kwenye ukuta wa maktaba, chini ya kioo cha matangazo, na kufikia Jumatatu mchana hapakupitika.

Watu walikuja kujitafuta. Walisimama pua karibu na kioo, kidole kikitembea kutoka tangi la maji, kikipinda dukani, kikihesabu mageti. Mtu akijiona alipiga kelele ndogo, kisha akarudi nyuma apishe mwingine, kisha akarudi tena kuhakikisha bado yupo. Vijana wa fulana za njano walikuwa wameandika kila walichoambiwa. Kulikuwa na Njia ya Chai ya Bure. Kulikuwa na Kona ya Waliokosana, na wale waliokosana walikutana hapo ukutani, wakaisoma pamoja, wakaulizana kwa nini hasa. Mwalimu mstaafu mmoja aligundua kwamba kichochoro alichoishi miaka arobaini kinaitwa Mbwa wa Mwalimu, na badala ya kukasirika alikwenda kumleta mbwa.

Mma-Setlhako alifika na kitabu cha ushonaji cha Februari kwapani. Alijitafuta, akajipata, akatangaza kwa wote kwamba yeye sasa ni Mtaa wa Mchanga Mwekundu, geti la tatu, na anayetaka kuposa kwake aende akijua hana binti, ila kuku wapo.

Muuguzi wa zahanati alikuja na daftari akanakili kata nzima. Alisema ana mama mmoja wa sindano ambaye amemtafuta mara tatu na kumkosa mara tatu, na kumbe wanapakana uzio.

Mjomba Keoagile alipita Alhamisi ya wiki ya posa, kama mtu anayetafuta kivuli. Alisubiri wengine wapungue. Alivaa miwani, akaitafuta Goo-Rapula, akafuata kichochoro kwa kidole mpaka mwisho, na midomo yake ikasoma taratibu: Njia ya Punda Aliyekataa. Punda yule aliwahi kuwa wa baba yake. Yeye mwenyewe, akiwa na miaka tisa, alishinda siku tatu akimsukuma matako. Walioona wanasema alitabasamu; yeye anasema ni jua.

Jioni alimwita Laone. Alisema ameambiwa kilichotokea maktaba, na kwamba katika maisha yake ameona mabinti wa kila aina, lakini hajawahi kuona aliyechora njia ya kuja kwake mwenyewe.

"Mimi nimeweka kitabu rafuni, mjomba," Laone alisema, macho chini kama inavyotakiwa. "Kina mageti elfu mbili mia tatu na kumi na mbili. La kwetu ni mojawapo tu."

Mjomba alilitafuta kosa ndani ya jibu hilo kwa muda mrefu. Mwisho akasema tutaona Jumamosi.

*

Jumamosi kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Viti vya kanisa vilirudi, shemasi akiwa amesema anavitoa kwa mara ya mwisho. Wazee wanne walikaa, mablanketi mpaka kidevuni. Mjomba Keoagile alikaa mbele, ametazama mashariki. Ndani, Laone aliketi kwenye mkeka kati ya mama yake na mashangazi, kichwa kimefunikwa, na Mma-Laone alikuwa amemshika kidole kimoja, kidole kimoja tu, akikiminya kila jogoo anapowika.

Saa kumi na moja. Hakuna mtu. Kumi na moja na nusu, mbingu ya mashariki ikaanza kupauka kama maziwa yaliyotiwa maji. Mzee mmoja aliuliza kama Gweta ni mbali. Mwingine akasema si mbali kama watu wanataka kufika. Mjomba alijifunga blanketi upya. Mwanamke mmoja jikoni akapunguza kuni chini ya chungu cha miguu mitatu, na Mma-Laone akasikia zikitolewa, akafumba macho.

Kisha, katika ukimya ule, ikasikika sauti ya mwanamke kichochoroni. Ilikuwa sauti ya chini, ya mtu anayejisemesha. Wazee waligeuza shingo. Sauti ilisogea, ikasimama, ikasogea tena.

"Tatu," ilisema. Nyayo. "Nne. Huyu ana mbwa, ndiyo, imeandikwa." Nyayo nyingi, za watu wanaojaribu kutokanyaga kwa nguvu. "Tano. Oabile, usiniharakishe. Sita."

Mjomba Keoagile alisimama. Hakuna aliyemwambia asimame. Aliangalia mashariki, ambako jua lilikuwa bado chini ya miti, akaangalia geti.

"Saba," alisema Mma-Oabile, na akabisha.

Yaliyofuata yalikwenda kama yanavyokwenda pale kila mtu anapojua sehemu yake. Wageni waliketishwa upande wao. Kibuyu cha maji kiliombwa kwa maneno yaleyale, na safari hii hakuna aliyeleta maji. Mjomba aliuliza maswali magumu kwa sura ngumu. Mma-Oabile aliyajibu yote, na alipoulizwa kwa nini mara ya kwanza walipotea, alisema ukweli, kwamba walipotea kwa sababu walipewa namba, na wamefika kwa sababu wamepewa jina. Laone aliitwa. Aliulizwa mbele ya wote kama anawajua watu hawa.

"Nawajua," alisema.

Mjomba Keoagile aliangalia moto kidogo. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetua mzigo, kwamba nyumba imesikia na nyumba imekubali. Vigelegele vya Mma-Laone vilitangulia vya wengine wote. Jirani wa 31 aliamka, wa 1140 akaja na blanketi, na ng'ambo ya mto Mma-Setlhako alisikia na akaanza kupiga vyake hukohuko, akavuka akiwa bado anavipiga.

*

Saa nne asubuhi wanaume walikuwa wanaponda nyama iliyochemshwa, wanawake wanacheza kwenye vumbi na mablanketi yao begani, na shemasi mwenyewe alikuwa amekalia kiti chake akisafisha sahani kwa ugali wa mtama. Hapo ndipo Rra Modukanele alipotokea getini. Alivaa tai. Mkono mmoja alishika bahasha ya serikali, mwingine karatasi iliyokunjwa.

Alikaribishwa, alikataa kiti. Alisema ana jambo fupi. Wilaya imebaini kwamba ripoti ya utafiti ilipewa namba na mtu asiye mtumishi, kwa mkono, na kwamba sasa inasomwa nchi nzima bila idhini. Wilaya haitaki jambo lifike mbali. Ameandaa barua ya radhi, mistari mitatu, Laone asaini, ripoti irudi boksini, na kila mtu aendelee na sherehe yake.

Kucheza kulisimama. Mma-Oabile, mdomo umejaa nyama, alimtazama juu mpaka chini na macho yake yakatua kwenye ile karatasi nyingine.

"Baba," alisema alipomeza, "wewe si wa kata hii. Umefikaje hapa?"

Rra Modukanele alijaribu kuificha karatasi nyuma ya bahasha, lakini kona yake ilikuwa imeshaonekana: mistari, tangi la maji, mageti yaliyowekewa alama ya kalamu moja baada ya jingine mpaka la saba. Kicheko kilianzia kwa wazee, ambao ndio waliokuwa karibu, kikaenda jikoni, kikarudi na nguvu. Hata yeye mwenyewe tabasamu lilimponyoka kidogo. Lakini bahasha aliendelea kuinyoosha, maana ndiyo kazi aliyotumwa, na kalamu aliitoa mfukoni.

Mjomba Keoagile alimsogelea mpwa wake. Alimwambia chinichini, kwa upendo, kwamba siku ni nzuri, watu wamefika, nyama iko tayari. Saini ni wino tu. Aiombe hiyo radhi, mambo yaishe.

Laone alitoa blanketi kichwani ili aonekane uso. Alichukua sahani safi, akatia nyama ya kupondwa, akatia ugali, akaongeza kipande cha mfupa kwa heshima, akampa Rra Modukanele kwa mikono miwili. Ofisa, mikono ikiwa imejaa barua na kalamu, hakuwa na jinsi ila kuviweka chini apokee.

"Kula, Rra, umetembea mbali," alisema Laone. "Na nakuheshimu. Ila kitabu kile ni cha watu, na mimi nimekiweka mahali watu wanapokiona. Siombi radhi. Siombi leo, na kesho ukija tena kwa njia hiyohiyo, sitaomba."